Elizabeth Kenny, Mwuguzi Aliyefungua Mabanzi

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukizitembelea jumuiya za vijijini, tulimkuta mama mmoja na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa kwa siku chache, na homa ilipokwisha mguu wake wa kushoto ukawa umelegea kama kitambaa. Mama akatuuliza: «Mwalimu, tufanye nini?» Nasi, kwa huruma na bila ya kujua, tukamjibu: «Mwache apumzike. Msimsumbue. Tusali, na mguu utapata nguvu wenyewe.» Tukasali, tukaenda zetu. Tuliporudi baada ya miezi saba, mtoto alikuwa angali amelala juu ya mkeka. Goti lilikuwa limekunjika, halikunyooka tena, na kisigino kilikuwa kimevutwa juu. Hata alipofikishwa hospitalini, mtu wa kazi ya viungo alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatuambia neno tusilolisahau: «Ugonjwa umechukua sehemu yake. Sehemu nyingine imechukuliwa na mkeka.»

Tangu siku ile tulianza kutafuta habari za kazi hiyo. Kwa Kifaransa yaitwa kinesiterapia, na hospitalini watu hufupisha, husema «kine». Sisi hapa tutaiita tiba ya viungo. Ni kazi ya kuurudishia mwili nguvu na mwendo wake kwa mikono, kwa joto, kwa maji, na zaidi kwa mazoezi. Tulipoisoma historia yake tuliona kwamba kosa letu lilikuwa kosa la watu wengi, hata la wenye elimu kubwa kuliko sisi. Ndiyo sababu leo twataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Australia, ambaye aliwafundisha waganga wa dunia kwamba kiungo kilichopooza hakifai kufungwa na kuachwa.

Ugonjwa wenyewe

Kwanza tueleze ugonjwa aliopigana nao, maana hata sisi katika Kongo twaujua. Ni polio, yaani ugonjwa wa kupooza. Wazungu wa zamani waliuita kupooza kwa watoto wachanga, kwa kuwa uliwashika hasa watoto.

Polio huletwa na virusi vinavyoingia kwa kinywa, pamoja na maji au chakula kilichochafuliwa na choo. Walio wengi wakipata virusi hivyo hawaoni kitu, au huona homa ndogo tu. Lakini katika watu 200 hivi walioambukizwa, mmoja hupooza kabisa. Sababu ni hii: virusi hufika ndani ya uti wa mgongo, vikaziharibu chembe zinazopeleka amri kwa misuli. Msuli wenyewe haukuugua. Umekosa mjumbe wa kuuletea amri, basi unalala.

Hapo shikeni neno moja, maana habari yote itategemea neno hilo. Si wajumbe wote wanaokufa. Wengine wamejeruhiwa tu, na baada ya majuma na miezi hupona. Wengine waliobaki wazima hutoa matawi mapya, wakaitunza na misuli iliyoachwa yatima na wenzao. Basi mwili wenyewe una njia ya kujitengeneza, lakini kazi hiyo ni ya polepole. Ikiwa katika muda huo viungo vimekauka na misuli imefupika, mjumbe atarudi na kukuta nyumba imefungwa.

Mabanzi na plasta

Waganga wa mwanzo wa karne ya 20 waliogopa jambo moja zaidi ya yote. Waliona kwamba mguu uliopooza huvutwa upande na misuli iliyobaki na nguvu, ukapinda. Wakafikiri: tuufunge usiweze kupinda. Hivyo watoto walitiwa mabanzi ya mbao na chuma, au plasta, na pengine walilazwa wamefungwa mwili mzima kwa majuma mengi, hata miezi.

Tusiwacheke. Walikuwa watu wenye akili na moyo mwema. Huko Australia mmojawapo wa waliokuwa wakitetea mabanzi alikuwa daktari Jean Macnamara wa Melbourne, ambaye mwaka 1931, pamoja na mwenzake Macfarlane Burnet, alivumbua kwamba virusi vya polio si vya namna moja tu. Pasipo kujua jambo hilo chanjo ya kweli isingaliweza kutengenezwa. Lakini mara nyingi, mabanzi yalipofunguliwa, mguu ulikuwa umenyooka ila haufanyi kitu. Ulikuwa mwembamba kama fimbo, na viungo vyake vilikuwa vikavu.

Na tiba ya viungo ilikuwako tayari. Mswidi mmoja, Pehr Henrik Ling, alikuwa amefungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm mwaka 1813. Mjini London wauguzi wanne waliunda chama cha wakandaji wenye ujuzi mwaka 1894. Tena vita kuu ya 1914 hadi 1918 ilileta maelfu ya askari waliojeruhiwa, na kazi hiyo ikakua upesi. Lakini mbele ya polio, hata watu wa kazi hiyo walingojea mabanzi yafunguliwe kwanza.

Binti wa mkulima

Elizabeth Kenny alizaliwa mwaka 1880 huko Warialda, katika Australia. Baba yake alikuwa mkulima kutoka Ireland. Shule alisoma kidogo tu, na hakuna cheti kinachoonyesha kwamba alipata kusoma kazi ya uuguzi katika chuo. Alijifunza kwa kusaidia wengine. Toka mwaka 1910 hivi alikaa na wazazi wake huko Nobby, katika mashamba ya Queensland, naye alikuwa akipanda farasi na kwenda kuwauguza watu majumbani mwao bila ya kudai malipo.

Mwaka 1911 aliitwa penye watoto wenye ugonjwa asioujua. Misuli yao ilikuwa imekazana, inauma sana, na viungo havikutii. Akapeleka simu ya maandishi kwa daktari Aeneas McDonnell katika mji wa Toowoomba. Daktari akamjibu kwamba ni ugonjwa wa kupooza, akamwambia atibu dalili azionazo kadiri awezavyo.

Kwa kuwa hakufundishwa mabanzi, hakutia mabanzi. Aliona msuli umekazana na unauma, basi akatafuta kitu cha kuulegeza. Akachukua vitambaa vya sufu, akavichovya katika maji ya moto, akavikamua, akavizungusha penye maumivu. Maumivu yalipopungua, akaanza kuuchezesha mguu taratibu. Watoto wale walipata nafuu.

Wakati wa vita kuu aliwauguza askari katika meli zilizowarudisha majeruhi Australia, na mwaka 1917 jeshi likampa cheo cha Sister. Hapa msidanganyike, wasomaji: hakuwa mtawa. Katika nchi zile jina hilo hupewa pia mwuguzi mkubwa. Naye akalishika hata kufa kwake.

Jinsi alivyofanya kazi

Mwaka 1932 alifungua mahali pa kutibia katika mji wa Townsville, penyewe padogo, uani tu. Waliletwa watoto waliopooza tangu zamani, ambao wengine wamekwisha kukatiwa tamaa. Yafaa tueleze kazi yake, maana ndani yake mna mafundisho.

Kwanza alifungua mabanzi. Kisha alichukua blanketi nzito la sufu, akalikata vipande kwa kipimo cha mguu au mkono wa mgonjwa. Vipande vilichemshwa, vikakamuliwa mara mbili hata visidondoke maji, maana maji ndiyo yanayounguza ngozi. Vikazungushwa juu ya msuli, lakini goti na kiwiko vikaachwa wazi vipate kukunjika. Juu yake alifunika kitambaa kisichopitisha maji, kisha sufu kavu. Vikipoa, vinabadilishwa.

Msuli ukishalegea, ndipo kazi yenyewe inaanza. Alishika mguu wa mtoto, akauchezesha yeye mwenyewe, polepole, bila ya kuumiza, ili viungo visikauke. Halafu akamwonyesha mtoto kwa kidole mahali msuli unaposhikamana na mfupa, akamwambia apeleke fikira zake pale. Mtoto hakulazimishwa kukaza. Alitakiwa kwanza kuufikiri mwendo, kisha kuujaribu pamoja na mikono ya mwuguzi, na mwisho kuufanya peke yake. Watoto walijifunza majina ya misuli yao kama wengine wanavyojifunza majina ya mito na milima. Penye mwisho wa kitanda aliweka ubao wa kukanyagia, ili nyayo zisisahau namna ya kusimama.

Basi mgonjwa hakuwa tena mzigo uliolazwa. Alikuwa mwanafunzi mwenye kazi ya kufanya kila siku, na mama yake alikuwa mwalimu msaidizi.

Wenye elimu walikataa

Msidhani kwamba alipokelewa kwa shangwe. Serikali ya Queensland iliunda tume ya madaktari kuichunguza kazi yake, na mwaka 1938 tume ile ikatoa taarifa ndefu ya kumkataa. Walisema kuyaacha mabanzi ni hatari. Hata huko Uingereza, alikokuwa amepewa vyumba viwili vya wagonjwa katika hospitali ya watoto, madaktari wengi walishangaa na kukasirika.

Lakini wazazi hawakunyamaza. Walikuwa wameona kwa macho yao watoto wakiamka. Serikali ikasikia, na mwaka 1939 akapewa nafasi katika hospitali kubwa ya Brisbane, apate kutibu wagonjwa wapya. Mkubwa wa hospitali ile, daktari Aubrey Pye, alishuhudia kwamba wagonjwa wake walipona upesi zaidi, na viungo vyao vilikuwa laini kuliko vya wale waliofungwa.

Mwaka 1940, naye akikaribia miaka 60, serikali ya Queensland ilimlipia safari ya kwenda Marekani. Wengi huko hawakumsikiliza. Hatimaye alifika Minneapolis, na hapo alikutana na madaktari watatu, Wallace Cole, Miland Knapp na John Pohl, ambao walikubali kutazama kwanza kabla ya kuhukumu. Wakampa vitanda na wagonjwa. Walipoona, wakaamini. Mwezi wa Desemba 1942 ilifunguliwa katika mji ule nyumba ya kutibia na kufundishia, iliyoitwa kwa jina lake, na watu wa tiba ya viungo walikuja kutoka nchi nyingi kujifunza. Sifa yake ikaenea mno, hata mwaka 1946 ilitolewa sinema juu ya maisha yake.

Alipokosa na alipopata

Mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuficha. Elizabeth Kenny alikuwa na ulimi mkali, na hakuvumilia kupingwa. Tena alikosa katika kueleza. Alishikilia kwamba polio ni ugonjwa wa misuli yenyewe, hali waganga walikwisha kujua kwamba asili yake ni katika uti wa mgongo. Pia alihesabu kama ushindi wake hata wagonjwa ambao wangalipona bila yeye, maana tumekwisha kusema kwamba mwili hujitengeneza. Mwaka 1944 tume ya madaktari wa Marekani ilimlaumu kwa mambo hayo, na lawama nyingine zilikuwa za haki.

Lakini tazameni jambo la ajabu. Waliomlaumu kwa maneno yake waliifuata kazi ya mikono yake. Mwaka kwa mwaka mabanzi na plasta yalipungua katika vyumba vya polio, na vitambaa vya moto na mazoezi vikashika nafasi yake. Mwaka 1952 Marekani ilipigwa na polio kuliko miaka yote, wagonjwa karibu 58,000. Wengi wao hawakufungwa tena kama watoto wa zamani. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Elizabeth Kenny alikufa huko Toowoomba, akazikwa Nobby alikoanzia kazi.

Miaka miwili na miezi michache baadaye, mwezi wa Aprili 1955, ilitangazwa kwamba chanjo ya daktari Jonas Salk inafaa. Polio ikaanza kurudi nyuma. Lakini mafundisho yake hayakuzikwa pamoja na polio. Waliojifunza kuufundisha msuli wa mtoto aliyepooza waliweza kumsaidia na mtu aliyepigwa na kiharusi, na aliyevunjika mfupa, na askari aliyekatwa mguu.

Na huku kwetu

Nchi zetu hazikukaa nje ya historia hiyo. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya laki mbili walipewa chanjo ya polio ya kinywani, iliyokuwa ingali katika majaribio. Wazee wengine walisimulia jinsi walivyopanga mistari mirefu.

Na katika Rwanda, Padri Joseph Fraipont, mzaliwa wa Ubelgiji, alianza mwaka 1960 kuwakusanya watoto walemavu huko Gatagara, karibu na Nyanza. Wengi walikuwa wamepooza kwa polio, wakitambaa chini kwa mikono. Padri huyo alichukua uraia wa Rwanda na jina la Ndagijimana, akaishi na watoto wale hata alipokufa mwaka 1982. Huko Gatagara mtoto alipewa mazoezi, akapewa vyuma vya miguu na magongo, akapelekwa darasani. Mtaona kwamba vyuma havikutupwa kabisa. Kumfunga mtoto alale ni jambo moja. Kumpa chuma cha kumsimamisha aende shuleni ni jambo jingine. Kazi ya Gatagara imeendelea baada yake.

Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeokoka na polio ya asili. Tulifurahi. Lakini hata baada ya mwaka ule watoto wa Kongo wameendelea kupooza kwa virusi vilivyotokana na chanjo ya kinywani, vilivyogeuka na kupata nguvu vikipita kwa watu wengi mahali ambapo watoto hawakuchanjwa vya kutosha. Dawa yake ni kuwachanja watoto wote, pasipo kumwacha hata mmoja. Mzazi anayemficha mtoto siku ya chanjo anawafungulia virusi mlango wa kijiji kizima.

Tufanye nini?

Hatutaki habari hii ibaki ya Australia tu. Katika kila mtaa wa parokia zetu mna mtu aliyelala chumbani, na ndugu zake wanasema: «Anapumzika.» Basi tukumbuke mambo haya.

Mtoto akipata homa na kiungo kikalegea, apelekwe hospitali siku ile ile. Katika siku za homa kali alale, asilazimishwe kufanya mazoezi. Lakini hata hapo mguu wake ulazwe umenyooka vizuri, wala usiachwe ukunjike. Homa na maumivu yakipungua, viungo vyake vichezeshwe kila siku taratibu, kama mtakavyoonyeshwa na mtu wa kazi hiyo. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Goti la mtoto katika miezi ya kwanza ni samaki mbichi.

Mzee aliyepigwa na kiharusi, mganga akisha kutoa ruhusa, asiachwe kitandani kwa heshima. Tumewaona watoto wema wanaomlisha baba yao kijiko kwa kijiko, wanamvika, wanambeba, na mkono wake unakauka kifuani kwa sababu hakuna aliyeuomba kazi. Kumheshimu ni pia kumpa kikombe akishike, hata akimwaga. Aliyevunjika mfupa ni kweli hutiwa plasta, maana mfupa wataka kutulia, lakini vidole vilivyo nje ya plasta vichezwe. Ila aliyeanguka akaumia shingo au mgongo, msimkalishe wala msimkunje kabla hajaangaliwa na waganga.

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote: msiache. Watu wetu huenda mara tatu au nne, na wasipoona ajabu wanasema kazi ile haifai, wanarudi nyumbani. Sindano huchomwa mara moja, nanyi mmezoea sindano. Msuli hujifunza kama mtoto anavyojifunza kusoma: leo herufi, kesho silabi. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika Injili tunasoma habari za yule mtu wa Kafarnaumu aliyepooza. Bwana alimsimamisha kwa neno moja. Lakini kabla ya neno lile walikuwako watu wanne waliombeba, wakapanda juu ya nyumba, wakafumua dari. Sisi hatuna neno la Bwana katika kinywa chetu. Mikono ya wale wanne tunayo.

Yule mtoto wetu, baada ya mwaka mzima wa mazoezi na chuma cha mguu, sasa anatembea kwa gongo moja. Goti halikunyooka kabisa, wala halitanyooka. Mama yake hakutulaumu hata siku moja. Lakini kila tunapomwona akija misa, anachelewa nyuma ya wenzake, twakumbuka ile miezi saba ya mkeka, na ndiyo maana tumeandika.